Mali Nyingi, Tegemeo Moja

Mwenye fedha wa Arusha akiulizwa amewekeza wapi, orodha yake huwa ndefu. Kuna magari matatu ya kupeleka watalii Ngorongoro na Serengeti, nyumba ya wageni Sakina, apartimenti nne za kupangisha Njiro, duka la vinyago na vito katikati ya mji, viwanja viwili Usa River vinavyosubiri bei ipande, na pengine ekari moja ya mbogamboga Tengeru ambayo mavuno yake huchukuliwa na hoteli. Majirani humwona mtu aliyetawanya mali yake kwa busara, na yeye mwenyewe huamini hivyo. Hoja yangu ni kwamba hajatawanya chochote. Vitega uchumi vyake sita vinamtegemea mtu mmoja: mgeni wa Ulaya au Marekani anayeamua mwezi Januari kwamba Julai atapanda ndege kuja Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA). Mgeni huyo akighairi, magari yanasimama, vyumba vinabaki vitupu, mpangaji wa Njiro ambaye mshahara wake hutoka kwenye kampuni ya utalii anakosa kodi, na mnunuzi wa kiwanja anaomba asubiriwe. Ni mifereji mingi iliyochimbwa kutoka chemchemi moja ya Mlima Meru. Wingi wa mifereji haumsaidii mtu siku chemchemi inapokauka.

Ushahidi tuliupata mwaka 2020, wakati wa janga la korona, na haukuhitaji mtaalamu wa kuusoma. Watalii wa kimataifa walioingia Tanzania mwaka 2019 walikuwa 1,527,230. Mwaka uliofuata walikuwa 620,867, pungufu kwa karibu asilimia 60. Serikali ilifungua tena anga lake Mei 18, 2020, mapema kuliko nchi nyingi, lakini anga likifunguliwa huku halimtoi nyumbani mgeni aliyefungiwa ndani kwao. Arusha, maumivu hayakuja kwa zamu. Yalifika siku moja kwa dereva, mpishi, mpagazi, mwongoza watalii, mwenye loji na mwenye nyumba ya kupanga. Vinyago havikupata mnunuzi wa hapa, kwa kuwa havikuchongwa kwa ajili yake. Mboga zilizozoea kwenda hotelini zililazimika kutafuta mteja soko la Kilombero pamoja na mboga za wakulima wengine wote. Hata aliyedhani kwamba mashamba ya waridi yako nje ya mkumbo huo alishtuka: Machi 2020 mnada wa maua wa Uholanzi uliporomoka na maua yakaharibiwa kwa kukosa wanunuzi. Mei, mvutano wa kuwapima korona madereva wa malori ukakwamisha mizigo kwenye mpaka wa Namanga. Rejesho la mkopo halikushuka hata shilingi, na mwezi huohuo Benki Kuu ilibidi iziruhusu benki kupanga upya mikopo ya wateja waliokwama.

Sasa tazama nje ya Arusha, mwaka huohuo. Uchumi wa taifa ulikua kwa asilimia 4.8, chini ya asilimia 7.0 ya mwaka 2019, lakini ulikua. Agosti 2020 bei ya dhahabu duniani ilivuka dola 2,000 kwa wakia kwa mara ya kwanza, kwa sababu mwekezaji mwenye hofu hukimbilia dhahabu, nayo dhahabu ikaupiku utalii kama chanzo kikuu cha fedha za kigeni nchini. Hofu ileile iliyomzuia mtalii nyumbani kwake ndiyo iliyoongeza thamani ya kinachochimbwa Geita. Benki za NMB na CRDB, ambazo hisa zake huuzwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, zilitangaza faida kubwa zaidi kwa mwaka 2020 kuliko mwaka 2019. Aliyekuwa na hatifungani za Serikali alilipwa riba yake kwa tarehe iliyoandikwa. Kwa hiyo kauli kwamba mwaka ule kila kitu kilianguka ni kweli kwa aliyetazama kuanzia mnara wa saa wa Arusha hadi lango la KIA. Nchi ilikuwa pana kuliko hapo, na mtu wa Arusha aliyekuwa ameweka robo ya akiba yake katika upana huo alipita mwaka 2020 bila kuuza gari kwa bei ya kutupa.

Jambo hili lina nadharia yake, na nadharia hiyo ni ya zamani. Mwaka 1952 mchumi wa Kimarekani Harry Markowitz alichapisha makala iliyobadilisha namna ya kufikiri kuhusu uwekezaji, na mwaka 1990 akapewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi. Alichoonyesha kwa hesabu ni kwamba hatari ya kapu la mali haipatikani kwa kujumlisha hatari ya kila mali iliyomo. Inategemea pia jinsi mali hizo zinavyokwenda pamoja. Wataalamu huupima mwenendo huo kwa namba inayoanzia hasi 1 hadi chanya 1. Chanya 1 maana yake mali mbili hupanda na kushuka pamoja daima, sifuri maana yake hazifuatani, na hasi 1 maana yake moja ikipanda nyingine hushuka. Chukua vitega uchumi ambavyo kila kimoja, peke yake, mapato yake hutikisika kwa asilimia 20 kuzunguka wastani wake. Ukigawa fedha zako nusu kwa nusu kwenye viwili vyenye uhusiano wa sifuri, mtikisiko wa jumla hushuka hadi asilimia 14 hivi. Ukizigawa sawasawa kwenye kumi ambavyo uhusiano kati ya kila kimoja na kingine ni 0.8, mtikisiko hubaki asilimia 18. Viongeze hadi mia moja, na bado hautateremka chini ya asilimia 17.8. Hesabu hii inastahili kusomwa mara mbili na kila mwenye loji anayefikiria kununua loji ya pili: vitega uchumi viwili visivyofuatana vinamlinda mtu kuliko mia vinavyofuatana.

Wapo watakaosema korona ilikuwa balaa la karne, na kwamba mtu hapangi maisha yake kwa balaa la karne. Historia ya Arusha haikubaliani nao. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikisambaratika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na mpaka huo haukufunguliwa tena rasmi hadi Novemba 1983. Wakati huo watalii wengi wa mbuga za kaskazini walikuwa wakiingilia Nairobi, na uamuzi mmoja wa kisiasa ulikata njia yao kwa zaidi ya miaka sita. Mwishoni mwa mwaka 2001, baada ya mashambulizi ya Septemba 11 nchini Marekani, gazeti moja la huko lilidai kwamba biashara ya tanzanaiti ina uhusiano na magaidi, na wauzaji wakubwa wa vito wa Marekani, Tiffany wakiwamo, wakaacha kuuza jiwe hilo. Mchimbaji wa Mirerani na dalali wa Arusha waliadhibiwa kwa tukio lililotokea New York, tukio lilelile lililowafanya Wamarekani waogope kupanda ndege. Wale waliodhani vito na utalii ni biashara mbili tofauti waligundua kwamba mteja wao ni yuleyule. Kisha kuna Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyokuwa hapa tangu mwaka 1995 na kufungwa Desemba 31, 2015. Kwa miaka 20 majaji, mawakili, wakalimani na watumishi wake walipanga nyumba, walinunua vyakula, walisomesha watoto, na nyumba nyingi za kifahari zilijengwa kwa kuwategemea. Tarehe ya kuondoka kwao ilijulikana mapema kabisa, na bado ilimkuta mwenye nyumba ambaye nyumba zake zote zilikuwa za mpangaji wa aina moja.

Miteremko ya Meru ina somo lake juu ya jambo hili, na naona linapuuzwa na watu wa mjini wanaodhani hekima ya fedha huanzia benki. Familia nyingi za Wameru na Waarusha zimekuwa na shamba la juu lenye migomba na kahawa, na shamba la chini lenye mahindi na maharage, pamoja na mifugo tambarare. Upande wa kusini na mashariki wa mlima hupata mvua nzuri, huku Ngarenanyuki na Oldonyo Sambu zikibaki kwenye ukavu. Ardhi iliyogawanywa kwa mwinuko namna hii ni ulinzi halisi, kwa maana ukame unaomaliza mahindi ya tambarare si lazima umalize migomba ya juu. Ulinzi huo una mipaka yake. Ukame wa mwaka 2008 na 2009 uliua ng'ombe kwa wingi Longido, Monduli na Ngorongoro, na ulifanya jambo baya zaidi kwa mfugaji aliyebakiwa na mifugo: bei ya ng'ombe aliyekonda ilianguka wakati bei ya gunia la mahindi ikipanda. Kile anachouza kilishuka siku ileile kile anachonunua kilipopanda. Mfugaji huyo akiwa na ng'ombe mia mbili badala ya mia moja, ametajirika mara mbili wakati wa mvua, lakini anaangamia kwa ukame uleule.

Kahawa ndiyo iliyonifanya niamini kwamba mtu wa Arusha anaweza kupata kinga bila kwenda mbali. Bei ya kahawa ya arabika hupangwa katika masoko ya New York, na kinachoitikisa zaidi ni hali ya hewa ya Brazil. Mfumo wa kimataifa wa kugawana mauzo ulipovunjika Julai 1989, bei ilianguka vibaya, na miaka iliyofuata wakulima wengi wa Meru na Kilimanjaro waliitelekeza mikahawa yao au kuing'oa kabisa ili wapande nyanya, mahindi na ndizi. Uamuzi ule ulieleweka, maana watoto walihitaji ada. Lakini Julai 2021, baridi kali ilipounguza mikahawa ya Brazil, bei ikapanda kwa kasi katika kipindi ambacho hoteli za Arusha zilikuwa bado zinahesabu vyumba vitupu, na Februari 2025 ikavuka dola 4 kwa ratili, kiwango ambacho hakijawahi kufikiwa kabla. Baridi ya Brazil haijui lolote kuhusu ndege zinazotua KIA. Ni hapo thamani ya ekari ya kahawa ilipo kwa mtu ambaye maisha yake yote yako kwenye utalii, hata kama kwa miaka mingi ekari hiyo huonekana haina faida ya maana. Mwenye kugeuza shamba hilo kuwa mahali pa kuonyesha watalii jinsi kahawa inavyokaangwa huongeza kipato chake cha leo, nami simlaumu, ila ajue ameirudisha kahawa yake kwa mgeni yuleyule.

Hoja hii isidhaniwe kuwa ya matajiri. Inawahusu zaidi wenye kidogo. Fikiria kikundi cha kuweka na kukopa, VICOBA, cha wapagazi, au cha akina mama wanaouza shanga na batiki. Wanaaminiana kwa sababu wanafahamiana kazini, na kuaminiana ndiyo nguvu ya kikundi. Lakini mikopo yote ya kikundi iko mikononi mwa watu wanaopata na kukosa siku moja. Msimu ukiharibika, mkopaji hawezi kurejesha, mwenye hisa anataka kutoa akiba yake, na mfuko wa jamii unaombwa na kila nyumba kwa pamoja. Kikundi chenye nidhamu kabisa, chenye daftari safi na mwenyekiti mwaminifu, huweza kuvunjika hivyo bila mtu yeyote kuiba. Dawa yake haihitaji elimu kubwa: kikundi kikaribishe wanachama wa kazi nyingine, fundi cherehani, mwalimu, muuza nafaka, na sehemu ya fedha zake isikopeshwe ndani, iwekwe kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ambako huweza kutolewa ndani ya muda mfupi.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na hili ndilo pingamizi zito kuliko yote ninayoyasikia. Waliotajirika Arusha, wanasema, walitajirika kwa kuijua biashara moja hadi mfupani, hawakutajirika kwa kugusagusa kila kitu. Nakubali nusu ya hoja hiyo. Kazi inadai umakini, na mwenye kampuni ya utalii akianza kufuga kuku, kuendesha bodaboda na kuuza saruji kwa wakati mmoja ataharibu vyote. Lakini kazi ni jambo moja na akiba ni jambo jingine. Hatifungani haidai usimamizi wa mtu kila asubuhi, wala vipande vya mfuko wa pamoja haviibiwi dizeli. Mtu anaweza kushika kazi moja kwa mikono miwili, na faida inayotoka kwenye kazi hiyo akaipeleka mahali ambapo kazi hiyo ikifa, faida itabaki hai. Kosa la wengi ni kuirudisha faida yote palepale ilipotoka, kila mwaka, hadi siku msimu unapokatika hawana hata shilingi moja iliyo nje.

Pingamizi la pili linatoka kwa wenye kusoma zaidi, nao wako sahihi kwa sehemu. Uhusiano kati ya mali haudumu jinsi ulivyopimwa. Mali zilizoonekana kutofuatana miaka ya amani zinaweza kuanguka pamoja siku ya hofu, kama ilivyotokea kwenye masoko ya hisa duniani mwaka 2008 na tena Machi 2020. Isitoshe, hakuna mtu aliye na takwimu za miaka 30 za kodi za nyumba Njiro wala za mapato ya duka la vinyago, kwa hiyo namba ya uhusiano hatuwezi kuikokotoa kwa mali nyingi tulizonazo. Jibu langu ni kwamba hatuhitaji namba ili kuiona sababu. Mwenye mali aandike pembeni ya kila kitega uchumi tukio litakalokikausha: vita, ugonjwa, ukame, uamuzi wa serikali, kuondoka kwa mwajiri mkubwa. Tukio moja likijirudia kwenye mistari yote, jibu limepatikana bila kompyuta. Namba hutokana na yaliyopita, na yaliyopita huweza kudanganya. Sababu hudanganya mara chache zaidi. Njia hiyo inafichua pia yale yanayojificha. Hisa za benki na hatifungani za Serikali, kwa mfano, haziachani sana kama wengi wanavyodhani, kwa sababu benki zetu zenyewe zinashikilia hatifungani nyingi za Serikali na zinaikopesha sekta ileile ya utalii.

Watu wa ardhi nao wana neno lao: ardhi haishuki bei. Ardhi ya Arusha imepanda kwa miongo, na sina sababu ya kuikana. Lakini bei inayotajwa na dalali ni bei ya siku ambayo kuna mnunuzi mwenye fedha mkononi, na wanunuzi wa viwanja vya Usa River, Kisongo na Moshono wengi wao wanapata fedha mahali palepale anapopata muuzaji. Siku muuzaji anapohitaji kuuza kwa sababu utalii umekwama, mnunuzi naye amekwama. Mwenye kiwanja huendelea kuitaja bei yake ileile, asipate wa kumlipa, na ada za shule hazingoji. Kuhusu hatifungani, lalamiko ni kwamba faida yake ni ndogo mbele ya ile ya loji iliyojaa. Ni kweli, na katika mwaka mzuri ni kweli sana. Hata riba yenyewe ya hatifungani mpya za muda mrefu iliteremshwa mwaka 2022, na anayelazimika kuuza hatifungani kabla ya muda wake anaweza kupata hasara. Lakini loji iliyojaa haihitaji kinga. Hatifungani inanunuliwa kwa ajili ya mwaka ambao loji haina mtu, na hupimwa kwa mwaka huo.

Arusha sasa inajenga kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, litakaloandaliwa na Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja. Uwanja wa watu 30,000 unajengwa jijini, na mikopo ya nyumba za wageni inatafutwa kwa kasi. Mashindano yatadumu wiki chache na mikopo itadumu miaka. Atakayejenga na ajenge, maana jiji linahitaji vitanda, ila namwomba jambo moja kabla ya kutia saini: atazame mali alizonazo tayari, na kama zote zinasubiri ndege ileile, robo ya fedha alizokusudia kujengea aiweke mahali ambapo mgeni asipokuja bado atalipwa. Benki Kuu ina tawi lake hapa Arusha, na mnada wa hatifungani za Serikali unampokea mwenye shilingi milioni moja.